Hilux ya dizeli inayogoma asubuhi za baridi: usifungue pampu kabla hujapima hita

Swali:

"Shikamoo fundi. Naishi Isyonje, njia panda ya kwenda Kitulo. Nina Toyota Hilux ya dizeli, injini ya 3L, gia za mkono. Nabeba viazi kupeleka soko la Mwanjelwa, Mbeya, na msimu wa mpunga nashuka Ubaruku. Tangu katikati ya Mei gari inagoma kuwaka asubuhi. Stata inazungusha, ila naona kama inavuta kwa uzito, na nyuma unatoka moshi mweupe unaochoma macho. Tukiisukuma kwenye mteremko inawaka, inatetemeka kama dakika mbili na moshi mwingi, halafu inatulia. Mchana nikiizima na kuiwasha inapokea mara moja. Wiki iliyopita nililala Ubaruku siku mbili, asubuhi zote mbili iliwaka yenyewe. Nimeshanunua betri mpya ya N70. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa mwaka jana na gari ikaendelea vizuri. Oili naweka SAE 50 kwa sababu fundi alisema injini imeshatembea sana. Taa ya hita (zile plagi za kupasha injini asubuhi) kwenye dashibodi inawaka na kuzimika kama zamani, kwa hiyo hita ni nzima. Fundi mmoja anasema pampu imekufa, anataka laki saba aifungue. Mwingine anasema ni ringi za pistoni, nifanye ovahoo. Je, mafuta ya taa kidogo kwenye tenki, au ile dawa ya kupuliza ya kuwashia, vinaweza kunisaidia nimalize msimu? Nifanye lipi?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa usumbufu. Najua gari la viazi likichelewa kuondoka Isyonje, ukifika Mwanjelwa wanunuzi wakubwa wameshapakia kwa wenzako na wewe unabaki kuuza kwa bei ya huruma. Nikuambie mapema: hiyo laki saba usiitoe bado, na ovahoo usiifikirie kwa sasa. Sijaliona gari lako na siwezi kukuapia nikiwa mbali, lakini umeeleza vizuri kuliko wengi, na karibu kila ulichoandika kinaelekea upande mmoja. Gari lako linapata mafuta. Linachokosa asubuhi ni joto.

Injini ya petroli ina plagi za cheche. Dizeli haina. Ndani ya silinda hewa inabanwa kwa nguvu mpaka inapata moto mkali, kisha nozeli inapuliza dizeli ndani ya hewa hiyo na dizeli inajiwasha yenyewe. Ukishajaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono unajua jinsi kitako cha pampu kinavyopata moto. Kwenye silinda ni jambo hilohilo, ila kwa 3L hewa inabanwa mpaka inabaki kama sehemu 1 kati ya 22 za nafasi iliyokuwa nayo. Injini ikiwa imeshapata moto, hewa hiyo inavuka nyuzi 500 za Selsiasi bila taabu na dizeli inashika papo hapo.

Asubuhi ya Juni au Julai huko kwenu hali ni nyingine. Chuma chote cha injini kimelala kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri, na hewa inayoingia nayo ni ya baridi. Joto linalozalishwa na mbano linanyonywa na kuta za silinda kabla dizeli haijalitumia. Tena 3L ni aina ya injini ambayo dizeli haipulizwi moja kwa moja juu ya pistoni. Inapulizwa kwanza kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, na chumba hicho nacho kinakula joto. Ndiyo maana walioiunda wakaweka hita plagi, moja kwa kila silinda. Ncha yake inakaa ndani ya chumba hicho na inapata wekundu wa zaidi ya nyuzi 800. Dizeli ikiipitia karibu, inashika hata kama hewa yenyewe haijafikia joto la kutosha. Injini nyingi za kisasa, zinazopuliza dizeli moja kwa moja kwenye pistoni, zinaweza kuvumilia hita mbovu kwa muda mrefu bila mwenye gari kujua. 3L haivumilii, hasa nyanda za juu.

Mwinuko nao unachangia. Mbeya mjini uko takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Isyonje mmepita mita 2,000. Kwa kimo cha Mbeya mjini shinikizo la hewa ni takribani asilimia 82 ya lile la Dar es Salaam, na kwenu ni chini ya hapo. Maana yake ni kwamba kila pistoni inaposhuka inavuta hewa kidogo zaidi. Hewa kidogo inabeba joto kidogo, na chuma cha baridi kinalimaliza haraka. Kwa hiyo injini ileile, yenye hita zilezile mbovu, inaweza kuishi Ubaruku miaka bila mtu kushtuka, halafu ikifika Isyonje inaonekana imekufa. Ubaruku uko kwenye bonde la Usangu, chini sana kuliko kwenu, na asubuhi yake ni ya joto. Ulipolala kule siku mbili gari likawaka lenyewe, ulikuwa umefanya kipimo kizuri sana bila kujua.

Tuurudie huo ushahidi polepole, maana ndio unaokuokolea pesa. Pampu ingekuwa haisukumi mafuta, usingeona moshi wowote wakati stata inazungusha. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli iliyopulizwa, ikageuka ukungu, ikatoka bila kuungua. Huo ni uthibitisho kwamba pampu inasukuma na nozeli zinapuliza. Tena pampu ya aina iliyo kwenye 3L ikichakaa, mara nyingi huanza kusumbua injini ikiwa ya MOTO: dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi, inavuja ndani kwa ndani kwenye vyuma vilivyolika, na shinikizo halitoshi kwa mzunguko mdogo wa stata. Mwenye pampu iliyochoka atakuambia asubuhi linawaka, lakini akilizima kituo cha mafuta Uyole baada ya safari ndefu haliwaki tena mpaka lipoe. Wewe mambo yako ni kinyume kabisa. Mchana linapokea mara moja.

Je, huenda kuna hewa inaingia kwenye mipira ya mafuta, dizeli ikarudi tenki usiku? Hilo ni tatizo la kawaida, na linafanana na lako kwa mtu asiyeangalia vizuri. Ila kosa hilo linategemea zaidi gari limelala muda gani kuliko baridi. Ungelala Ubaruku, asubuhi lingegoma vilevile. Hata hivyo, mpira mkavu unaweza kukaza zaidi kwa baridi na kuvuta hewa, kwa hiyo lipime, ni bure: asubuhi kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza kile kitufe cha pampu ya mkono kilicho juu ya chujio la dizeli. Kikiwa kigumu tangu mwanzo, hakuna hewa. Kikiwa laini, ukabonyeza na kubonyeza ndipo kikakaza, na baada ya hapo gari likawaka, basi tafuta mpira au klipu inayovuja. Ukiwa hapohapo, legeza koki ya chini ya chujio utoe maji. Mafuta ya kununua kwenye madumu barabarani mara nyingi yana maji, na maji hayasaidii asubuhi ya baridi.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo naliona kwa watu wengi, na wewe umelirudia: taa ya hita inawaka na kuzimika, kwa hiyo hita ni nzima. Siyo. Kwenye magari mengi ya umri wa lako, taa hiyo inaendeshwa na kifaa cha kuhesabu muda. Inawaka kwa sekunde kadhaa kulingana na joto la maji ya injini, kisha inazimika. Haijui kama umeme umefika kwenye plagi, wala haijui kama plagi imeungua. Hita zote 4 zinaweza kuwa zimekufa na taa ikaendelea kucheza kama gari jipya. Tena hita hazifi kwa pamoja. Inakufa moja, hujui. Inakufa ya pili, unaona tu kwamba siku ya mvua gari linatetemeka kidogo asubuhi. Ya tatu ikifa ndipo unakuja msimu wa baridi na unaanza kutafuta watu wa kusukuma. Ule mtetemeko wa dakika mbili baada ya kuwaka ni silinda ambazo bado hazijashika, zinasubiri wenzao wapashe chuma.

Kupima hakuhitaji karakana kubwa. Unahitaji taa ya kupimia ya volti 12, spana ndogo, na bora zaidi uwe na mita ya umeme. Hita plagi ziko upande wa hedi, zimeunganishwa juu na kipande bapa cha chuma kinachopeleka umeme kwa zote. Kwanza, kabla hujafungua chochote, mtu mmoja awashe ufunguo bila kupiga stata, injini ikiwa ya baridi, na wewe pima umeme kwenye hicho kipande bapa. Kwa sekunde za mwanzo uone umeme unaokaribia wa betri. Ukikuta sifuri, kosa liko kabla ya plagi: fyuzi kubwa ya hita, relei, kile kifaa cha muda, au waya iliyolika na kutu. Plagi mpya hazitakusaidia hapo.

Umeme ukifika, zima ufunguo, fungua nati ndogo na ukitoe kile kipande ili kila plagi isimame peke yake. Klipu ya taa ya kupimia ibane kwenye chanya ya betri, ncha iguse kichwa cha plagi. Taa ikiwaka vizuri, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, plagi hiyo imekufa. Ukiwa na mita, pima omu kati ya kichwa cha plagi na chuma cha injini: plagi nzima husoma omu 1 hivi, pengine pungufu kidogo au zaidi kidogo, na zote 4 zinapaswa kukaribiana. Inayosoma mbali sana na wenzake, itilie shaka hata kama taa iliwaka.

Kuzitoa kuna hatari moja ambayo lazima niseme. Hita iliyoungua wakati mwingine huvimba ncha, na ukiilazimisha inakatika na kuacha kipande ndani ya hedi. Hapo kazi ya nusu saa inageuka kazi ya kufumua hedi. Ilegeze injini ikiwa na uvuguvugu, tia mafuta ya kulainisha kutu usiku wa kuamkia, zungusha robo mbele robo nyuma. Ikikataa kabisa, acha, mpelekee fundi mwenye uzoefu. Na unaponunua mpya, nenda dukani na ya zamani mkononi. Toyota wametumia hita za volti tofauti kwenye injini zinazofanana kwa umbo; ukifunga ya volti ndogo kwenye mfumo unaopeleka volti 12 moja kwa moja, itaungua ndani ya siku chache, na utaambiwa plagi za siku hizi ni feki. Feki zipo kweli, sibishi, lakini nyingi zinazolaumiwa zilifungwa mahali pasipo pake. Badilisha zote 4 kwa pamoja. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kufungua pampu.

Neno kuhusu ile swichi ya kubonyeza ambayo baadhi ya mafundi umeme hufunga chini ya dashibodi pale relei inapokufa. Siyo kosa kama waya ni mnene, kuna fyuzi, na ni ya kubonyeza na kuachia. Lakini swichi inayobaki imewaka yenyewe inaua hita na inaweza kuunguza waya. Kama gari lako limefungwa hiyo, hesabu taratibu mpaka 15, achia, piga stata. Usishikilie dakika nzima ukidhani unalisaidia gari.

Hita ndiyo nusu ya jibu. Nusu nyingine ni ule uzito wa stata ulioutaja kwa kifupi, na mimi nauona mkubwa. Hewa inapobanwa polepole, inapata muda wa kupoteza joto kwenye kuta na muda wa kuvuja pembeni ya ringi. Injini inayozunguka haraka inabaki na joto lake. Ndiyo sababu mteremko unaliwasha gari lako: magurudumu yanaizungusha injini haraka kuliko stata yako inavyoweza. Hilo nalo si dalili ya pampu.

Kwa nini stata inavuta kwa uzito wakati betri ni mpya? Nashuku oili kwanza. SAE 50 ni oili nzito yenye namba moja tu, si mbili kama 15W-40; kwenye nyuzi 4 au 5 inakuwa nzito kama asali na stata inahangaika kuchana vyuma vilivyogandana. Fundi wako alikuwa na nia njema, alitaka kupunguza ulaji wa oili, na kwa gari linaloshinda Usangu huenda isingeleta neno. Kwa gari linalolala Isyonje, weka 15W-40 ya dizeli. Ikipoa haiwi nzito kama hiyo, na injini ikipata moto inalinda vyuma kama SAE 40. Endapo baada ya kubadili utaona inakula oili kupita kiasi, hiyo nayo ni taarifa, tutaitumia kwenye suala la ringi.

Baada ya oili, angalia njia ya umeme. Betri yoyote ya risasi na asidi hudhoofika kwa baridi. Kwenye sifuri inatoa takribani theluthi mbili tu ya nguvu yake ya kuzungushia, wakati huohuo injini inadai nguvu zaidi. Kwa hiyo upotevu mdogo kwenye nyaya, ambao mchana hauonekani, asubuhi unakuwa ndio tofauti ya kuwaka na kugoma. Safisha vichwa vya betri mpaka ving'ae, na hasa waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini. Huo ndio watu husahau. Pima betri gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 imeisha. Mtu apige stata nawe unasoma mita: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri haijai au stata inakula umeme kupita kiasi. Betri ikisimama vizuri lakini injini bado inazunguka kwa uzito, bana waya wa kuchukulia moto toka hasi ya betri moja kwa moja kwenye chuma cha injini, piga tena. Ikizunguka kwa wepesi, waya wako wa hasi ndio mwizi. Halafu injini ikiwa inaunguruma, uone kati ya 13.8 na 14.5, pungufu ya hapo altaneta haijazi, na hiyo N70 mpya itakufa ujanani.

Nikipita haraka kwa wasomaji wengine: gari linalosema "tak" moja kisha kimya, taa za mbele zikibaki na mwanga wake, mara nyingi ni shaba za ndani ya swichi ya stata zilizolika. Unageuza ufunguo mara kadhaa, ghafla linazunguka kama kawaida. Zinabadilishwa, stata nzima haihitajiki. Linalosema "tak-tak-tak" huku taa zikififia ni betri au vichwa vyake. Hayo yote ni tofauti na lako, ambalo linazunguka.

Turudi kwenye ringi, kwa sababu sitaki nikuambie kwamba haziwezi kuwa tatizo. Injini iliyotembea sana inapoteza mbano, na mbano ukipungua joto linapungua. Ukishaweka hita nzuri, oili sahihi, stata inazunguka kwa wepesi, na bado asubuhi inagoma, hapo ndipo pa kupima kompresheni, yaani huo mbano, kwa geji. Inapimwa kupitia matundu ya hita plagi, injini ikiwa na moto. 3L nzima husoma karibu psi 450, na kikomo cha chini ni karibu psi 285, tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 70 hivi. Lakini namba hizo ni za usawa wa bahari, na hapa ndipo watu wengi wa nyanda za juu wanaumizwa. Hewa yetu ni nyembamba, kwa hiyo geji inasoma pungufu. Injini ambayo Dar es Salaam ingesoma 400, Mbeya mjini itasoma kama 330 bila kuwa na ugonjwa wowote. Fundi akikuonyesha 300 kwenye silinda zote 4 na kukuambia injini imekwisha, muulize kama amehesabu mwinuko. Kinachonitisha zaidi ni silinda moja kuwa chini mbali na wenzake, au moshi unaosukuma kwa nguvu kutoka kwenye mdomo wa oili injini ikiwaka.

Nozeli zilizochoka nazo huleta moshi mweupe na mgomo wa asubuhi, maana zinadondosha badala ya kupuliza ukungu. Zinapimwa kwenye mashine ya kupimia nozeli, ni kazi ndogo kuliko pampu, na nafuu. Ziweke baada ya hita na oili, kabla ya pampu. Taimingi, yaani wakati wa kupuliza dizeli, nayo ikichelewa huleta dalili hizi, lakini umesema mkanda ulibadilishwa mwaka jana na gari likaendelea vizuri, hivyo naiweka mwisho kabisa. Ingekuwa shida ilianza siku gari lilipotoka kubadilishwa mkanda, ningeanza na hapo.

Sasa njia za mkato ulizouliza. Mafuta ya taa kwenye dizeli, hapana. Pampu ya gari lako inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine ndani. Mafuta ya taa ni makavu, yanakula vyuma vyake, na utajikuta unamtengenezea yule fundi kazi ya laki saba ambayo leo haipo. Dawa ya kupuliza, hapana kwa msisitizo. Ina etha, inayoshika moto kwa joto dogo sana. Kwenye injini yenye hita inaweza kulipuka kabla pistoni haijafika juu, na nimeona ringi zilizovunjika na pistoni zilizopasuka kwa sababu hiyo. Kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa hewa ni hatari hiyohiyo. Na yale mambo ya kuwasha jiko la mkaa chini ya injini usiku, ambayo madereva wa maroli wanayafanya njia ya Makete, acha: kuna oili, kuna mipira ya dizeli, kuna nyaya.

Kusukuma kwenye mteremko ni afadhali kuliko hizo, lakini fahamu hatari yake. Breki za gari lako zinasaidiwa na pampu ya upepo iliyo nyuma ya altaneta. Injini ikiwa haijawaka, msaada huo haupo. Ukikanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwenye barabara ya kushuka kuelekea Uyole, ukiwa na mzigo wa viazi, huo si mchezo. Sukuma gari likiwa tupu, mahali ambapo mteremko unaishia tambarare, ufunguo ukiwa umewashwa ili usukani usijifunge.

Kwa asubuhi za wiki hii kabla hujafika dukani, fanya hivi: kama una ghala au kibanda, lilaze humo, injini ikiwa imefunikwa gunia zito baada ya kupoa, nawe ulitoe kabla ya kuwasha. Betri unaweza kuifungua ukalala nayo ndani, mbali na moto. Asubuhi kanyaga klachi mpaka chini, maana oili ya giaboksi nayo ni nzito na stata inaizungusha bure. Washa ufunguo, subiri taa izimike, zima, washa tena mara ya pili, ndipo upige. Usizidishe sekunde 15 kwa mara moja. Pumzisha stata dakika nzima kabla ya kurudia. Kama hata hita 2 ziko hai, utaona tofauti.

Kuna hali moja ambayo nataka usiguse chochote, usisukume, uite fundi aje hapohapo. Ni endapo asubuhi stata itagonga na injini kukwama ghafla kama imegonga ukuta, na ukiangalia rejeta maji yamepungua. Hiyo inaweza kuwa gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka, maji yameingia silinda usiku. Maji hayabanwi, ukilazimisha, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Barabara zetu za kupanda na mzigo hupasha injini hizi kupita kiasi, na hedi zake hazipendi joto hilo. Moshi wake mweupe nao ni tofauti: ni mvuke, hauchomi macho kama wako, na hauishi hata injini ikipata moto. Vilevile mpeleke fundi umeme haraka kama nyaya za stata zinapata moto wa kushindwa kushika au unasikia harufu ya kuungua.

Kwa hiyo wiki hii: pima hita na umeme wake, badilisha zilizokufa, mwaga hiyo SAE 50, safisha njia ya umeme. Mwanjelwa na Sido utapata vifaa vyote. Yakishindikana hayo, nozeli zipimwe, kisha kompresheni kwa hesabu ya mwinuko wetu. Ukifika kwa yule fundi wa pampu, mwambie hivi: gari linatoa moshi mweupe likizungushwa, likiwa la moto linapokea mara moja, na Ubaruku linawaka asubuhi. Fundi mzuri wa pampu akisikia hayo, mwenyewe atakuuliza umepima hita.